Safari ya Nyangwe: Taa ya Njano na Barua Mfukoni



Wengi wenu mnaosoma gazeti hili mnaishi kwenye machimbo: Namoya, Salamabila, Kalima, Kamituga, na kambi zingine nyingi. Gari mnaijua. Bila gari hakuna chumvi, hakuna sabuni, hakuna dawa, hakuna mabati ya kanisa. Lakini mwezi huu nataka kuwapeleka mahali ambapo watoto wetu wanasoma jina lake katika kitabu cha historia, kisha wanalisahau. Ni Nyangwe, kwenye ukingo wa Lualaba, katika teritware ya Kasongo. Nilikwenda kule kwa kazi ya kanisa, nikarudi na somo ambalo sikulitafuta. Na somo lenyewe lilitoka ndani ya motere ya gari. Mtanivumilia.

NJIA YA KWENDA

Tulitoka Salamabila alfajiri, watu watano pamoja na mizigo: vitabu vya nyimbo, magunia mawili ya chumvi na maboksi ya dawa za dispansere. Tulipita Kabambare, tukashika njia ya Kasongo. Wale wanaoijua njia ile hawahitaji maelezo. Wasioijua, wafikiri hivi: pahali pamoja ni mchanga, pahali pengine ni matope yanayofika kwenye mlango, na juu ya kila kijito kuna magogo mawili au matatu ambayo watu wanayaita daraja. Kati ya misitu kuna nyasi ndefu, michikichi, na mashamba ya mpunga. Watoto wanakimbia nyuma ya gari wakiimba. Mama wanainua mkono. Ni nchi nzuri, na Mungu hakuinyima maji.

Gari yetu ni kamyonete ya esanse, ya okazyo. Wakristo walichanga feza kwa miaka miwili kuinunua. Wengine walitoa dhahabu kidogo kutoka mchangani, wengine walitoa kuku, na mjane mmoja alileta kikapu cha mayai. Kwa hiyo mtaelewa kwa nini kila litri ya esanse inaandikwa katika kitabu cha komite.

Sasa, hapa ndipo pana habari yenyewe. Katika mfuko wa koti langu mlikuwa barua. Komite iliiandika wiki moja mbele ya safari, nami niliweka sahihi. Ilisema kwamba shoferi wetu, tukirudi tu, atatoa funguo na kuacha kazi, sababu anaiba esanse. Tulikuwa tumekwisha kuzuia mshahara wake wa mwezi mmoja. Yeye alifikiri feza zimechelewa tu. Habari ya barua hakuijua. Na Nyangwe ni kwao. Mama yake angetupokea.

Ushahidi wetu ulikuwa nini? Kitabu. Mwaka uliopita bidoni moja ya litri 20 ilitupeleka kama kilomita 150 katika njia hizi zetu. Tangu miezi mitatu, ikawa kilomita 120. Mzee mmoja wa kanisa alifanya hesabu, akasema: “Hizi zingine zinaenda kwa Kadhafi.” Mnajua Kadhafi ni nani kwetu: ni wale vijana wanaouza esanse ya chupa kando ya njia. Wote tukaitika. Hakuna hata mmoja wetu aliyefungua kapo ya motere.

Tena kulikuwa na jambo lingine. Mbele ya shoferi kulikuwa taa ndogo ya njano, yenye mfano wa motere, iliyokuwa inawaka bila kuzimika. Fundi mmoja alikuwa ameiangalia. Alibadilisha chombo kimoja kwenye bomba la moshi, tukalipa feza nyingi, na taa ilizimika siku mbili. Ikawaka tena. Tangu hapo tuliizoea, kama vile mtu anavyozoea mtoto anayelia nyumba ya jirani.

KWENYE DARAJA LA MAGOGO

Tulipopita Kasongo, shoferi aliniambia: “Pasta, hii fre imekuwa nguvu. Ninakanyaga na mguu wote, na gari inasimama pole pole tu.”

Nilimjibu: “Endesha tu, baba. Tutaangalia tukifika.” Kwa kweli nilifikiri anatafuta sababu ya kuomba feza ya pyesi.

Kabla ya Nyangwe kulikuwa mteremko, na chini yake daraja la magogo. Nilimuona akishika vitesi vya chini, halafu akikanyaga fre kwa nguvu zote mpaka akainuka kwenye kiti. Gari haikusimama. Akavuta fre ya mkono na kuigeuza gari kwenye ukingo wa udongo. Mama mmoja nyuma alipiga kelele. Tulipigwa na udongo, tukasimama. Gurudumu la mbele lilikuwa hatua tatu tu na maji.

Hakuna aliyeumia. Tulishuka, tukaomba Mungu na kumshukuru. Motere ilikuwa bado inazunguka, ikipanda na kushuka yenyewe: vuum, vuum, kama mtu mwenye homa. Shoferi alikuwa anatetemeka. Nami niliishika ile barua ndani ya mfuko, na kwa mara ya kwanza ikaniwia nzito.

NYANGWE YENYEWE

Tuliingia Nyangwe jioni, gari ikienda mwendo wa mguu. Mto ni mpana, rangi ya chai ya maziwa, unaenda bila haraka. Mitumbwi ya Wagenya ilikuwa inarudi na samaki. Chini ya miembe mikubwa wazee walikuwa wamekaa baada ya sala, kwa sababu upande huu wa Kasongo Waislamu ni wengi, nao wanaishi na Wakristo kama ndugu. Mzee mmoja alituletea maji ya kunawa kabla hata hatujasema sisi ni nani.

Mama ya shoferi alitupikia ugali, samaki na sombe. Aliniambia: “Baba Pasta, asante kwa kumtunza mtoto wangu. Tangu apate kazi ya kanisa, sisi hapa hatulali njaa.” Msomaji, nilikula, lakini chakula hakikushuka vizuri.

Usiku ule tulikaa na wazee, nao walitueleza mambo ya zamani. Mengine niliyajua kutoka vitabu. Nyangwe ilikuwa soko kubwa sana wakati wa biashara ya pembe za ndovu na watumwa. Wafanya biashara kutoka pwani walijenga hapa, Tippu Tip naye akawa na nguvu huko Kasongo. Kiswahili chetu cha Maniema, hiki tunachoomba nacho na kuimba nacho, kiliingia na misafara ile. Mwezi wa 3 mwaka 1893 majeshi ya Serikali ya Leopold, wakiongozwa na Dhanis, waliiteka Nyangwe, na mwezi uliofuata wakateka Kasongo.

Mbele ya hayo alifika David Livingstone, mmisionere, mwisho wa mwezi wa 3 mwaka 1871. Alikuwa mgonjwa na maskini. Alikuwa amekwisha kukaa miezi mingi katika Manyema akiwa na vidonda vya miguu, na yeye mwenyewe aliandika kwamba alisoma Biblia yote mara nne katika nchi yetu. Karatasi zilipomwishia, aliandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa mbegu za mti. Miaka 140 baadaye, wataalamu walitumia taa za namna mbalimbali ili maneno yale yasomeke tena.

Livingstone alitaka mitumbwi ili avuke na kufuata mto. Aliamini kwamba Lualaba ni mwanzo wa mto Nile. Hakupata mitumbwi. Halafu siku ya 15 mwezi wa 7 mwaka 1871, mbele ya macho yake, watu wa wale wafanya biashara walipiga bunduki katikati ya soko. Wanawake waliokuja kuuza samaki, mafuta na vyungu walikimbilia mtoni, wengi wakazama. Wafanya biashara wenyewe walihesabu wafu kati ya 330 na 400. Moyo wake ulivunjika, akarudi Ujiji. Habari aliyoiandika ilisaidia kuamsha watu wa Ulaya, na mwaka 1873 soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa. Asubuhi nilisimama kwenye ukingo ule. Mama walikuwa wanafua nguo, watoto wanaoga. Nilivua kofia.

Lakini juu ya mto, Livingstone alikosea. Mwezi wa 8 mwaka 1874 alifika mtu mwingine, Cameron, mwanajeshi wa majini wa Uingereza. Yeye naye alinyimwa mitumbwi. Lakini alipima. Alipima urefu wa nchi juu ya bahari. Watu wa wakati ule walipima hivyo kwa uzito wa hewa, na pia kwa maji ya kuchemka: ukipanda juu hewa inakuwa nyepesi, na maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100. Cameron akaona kwamba mto pale Nyangwe uko chini kuliko mto Nile pale Gondokoro, katika Sudani ya Kusini ya leo. Maji hayapandi mlima. Basi Lualaba haiwezi kuwa Nile. Ni Kongo. Stanley aliyeondoka hapa mwaka 1876 aliufuata mto mpaka Boma, akafika mwaka 1877, na jambo likathibitika. Livingstone alikuwa amekufa tangu mwezi wa 5 mwaka 1873, akiwa bado anatafuta Nile.

Mtu mtakatifu, mwenye kuomba, aliyeipenda nchi yetu, alikuwa na hakika ya jambo lisilo kweli. Shikeni neno hilo, tutarudi kwalo.

KIJANA MWENYE CHOMBO KAMA KIBERITI

Siku ya pili shoferi alimleta kijana mmoja wa pale, fundi wa mapikipiki. Zamani alifanya kazi katika garaje moja upande wa machimbo. Alikuwa na telefone na chombo kidogo kama kiberiti. Aliinama chini ya usukani, akatafuta tundu lenye matundu madogo 16, akachomeka chombo. Magari ya petroli yaliyouzwa Marekani tangu mwaka 1996, na ya Ulaya tangu mwaka 2001, yana tundu hilo. Sheria za kule ziliyalazimisha kuwa na mashine inayochunga moshi. Moshi ukiwa mbaya, taa inawaka. Kwa hiyo ile taa ya njano kazi yake ya kwanza ni kulinda hewa ambayo watu wanapumua.

Kwenye telefone ikatokea: P0171. Kijana akanieleza kama mwalimu. Herufi P ni upande wa motere na vitesi. Sifuri ni kusema namba hii ni moja kwa viwanda vyote. Moja inayofuata ni mambo ya hewa na esanse. Na 71 ni kesi yenyewe: hewa ni nyingi, esanse ni kidogo.

Nikasema: “Basi tununue kile chombo cha kwenye bomba la moshi tena.”

Akacheka kidogo, kwa heshima. “Hapana, Pasta. Kile chombo njo kinasema hewa ni mingi. Kinasema ukweli. Muliua mutu aliyewaletea habari. Kodi haisemi nani mwenye kosa. Inasema tu pahali pa kuanza kuuliza.”

Ninawaandikia alivyofanya, hatua kwa hatua, sababu vijana wengi wataona faida.

Kwanza, aliangalia kwenye telefone mashine inaongeza esanse kiasi gani ili kulinganisha na hewa. Gari nzima inacheza karibu na sifuri, na mpaka asilimia 10 juu au chini si shida kubwa. Yetu, motere ikitulia, ilikuwa inaongeza asilimia 24. Halafu alikanyaga mpaka mizunguko 2500 kwa dakika. Ikashuka mpaka 6. Akasema: “Njo vile. Iko tundu.” Kwa nini? Motere ikitulia inavuta hewa kidogo, basi hewa ya wizi inayopita katika tundu inaonekana nyingi. Ikikimbia inavuta hewa nyingi, basi ile ya tundu inakuwa ndogo kati yake. Kama ingekuwa filtre ya esanse imeziba au pompe imechoka, mambo yangekuwa kinyume: ukikanyaga, shida inazidi.

Wasomaji ambao si mafundi, fikirini mtoto anayekunywa maji kwa bua la mpapai. Bua likipasuka katikati, anavuta, anavuta, anapata hewa tu. Motere ya esanse inavuta namna hiyo. Nyuma ya kile kifuniko unachokifungua ukikanyaga gazi, kuna uvutano mkubwa. Ukiupima kwa saa yake, motere nzima ikitulia inaonyesha inchi 17 mpaka 21 za zebaki, na mshale unakaa imara. Mshale ukiwa chini sana lakini imara, tafuta tundu. Ukiruka ruka kwa kipimo kimoja, angalia valvu. Motere ikishikwa kwenye mizunguko 2500 na mshale ukashuka pole pole, bomba la moshi limeziba. Na kwenye nchi ya juu punguza inchi moja kwa kila meta 300, sababu hewa ni nyepesi. Ni jambo lile lile la Cameron na maji yake ya kuchemka.

Pili, alitafuta tundu kwa sikio. Alichukua kipande cha tiyo, akaweka upande mmoja kwenye sikio, akapitisha upande mwingine pole pole juu ya kila bomba la mpira. Alinipa mimi pia. Msomaji, niliisikia: ssss, filimbi nyembamba, nyuma kabisa, karibu na ukuta wa motere. Miezi mitatu ilikuwa inapiga filimbi ile, na sisi tulikuwa ndani tunaimba.

Aliniambia wengine wanamwaga esanse juu ya mabomba ili wasikie motere ikibadilika. Msifanye hivyo kamwe! Motere ya moto na esanse ni kifo. Yeye alidondosha maji kidogo tu kwa chupa, pale penye filimbi. Sauti ikakatika, motere ikabadilika, halafu ikaanza tena.

Tatu, alilibana lile bomba kwa pensi na kitambaa. Papo hapo motere ikatulia, ile vuum vuum ikaisha. Kosa likaonekana wazi: ni tiyo inayotoka kwenye motere kwenda kwenye servo ya fre, yaani lile sahani kubwa linalosaidia mguu wa shoferi. Servo inatumia uvutano huo huo wa motere. Mwisho wa tiyo ulikuwa umepasuka urefu wa kidole, upande wa chini ambapo jicho halifiki. Fundi wa kwanza alilifungua kwa kazi nyingine na kulirudisha bila kolye, basi likasugua chuma mpaka likapasuka.

Mwaona sasa? Tundu moja, mambo matatu. Taa iliwaka. Fre ikawa ngumu. Na esanse ikaliwa, sababu mashine iliongeza ili kufuata ile hewa, motere ikakimbia hata gari ikisimama, na shoferi, kwa kuwa fre haikumsaidia, aliendesha kwa vitesi vya chini njia yote. Ile kilomita 30 iliyokosekana katika kitabu chetu haikuwa kwa Kadhafi. Ilikuwa katika tundu la kidole kimoja.

Kijana alikata sentimeta 4 zilizoharibika, sababu tiyo ilikuwa na urefu wa kutosha. Akalirudisha na kulifunga kwa kolye mbili. Alitukataza kuweka tiyo ya maji ya bustani: ni laini, uvutano unalikunja na moshi wa esanse unalila. Halafu akafuta namba, akawasha. Motere ikazunguka kama mara 750 kwa dakika, kimya. Esanse ya kuongeza ilikuwa asilimia 3 tu.

Mwisho, alipima fre. Mkiwa na gari, jifunzeni kipimo hiki, hakiombi feza. Zima motere. Kanyaga fre mara nne au tano mpaka iwe ngumu. Shikilia mguu pale, washa motere. Fre ikishuka kidogo chini ya mguu, servo inafanya kazi. Isiposhuka, usitoke kwenda njiani. Yetu ilishuka. Shoferi alikanyaga mara tatu zaidi, kama mtu asiyeamini.

Gari za mazutu haziko sawa. Motere ya mazutu haina uvutano huo wa kutosha, kwa hiyo kamyo ndogo zina pompe yao ya kuvuta hewa, mara nyingi nyuma ya altenatere, na kamyo kubwa zinatumia hewa ya kusukumwa. Pompe ikichoka au tiyo likipasuka, fre inakuwa ngumu vile vile. Moshi nao unasema: mweusi ni mazutu mengi kuliko hewa, wa bluu ni oili inaungua, mweupe usioisha motere ikiwa moto ni maji yanaingia au mazutu hayaungui.

BARUA

Saa ya mchana nilimwita shoferi kando, chini ya mwembe. Nilitoa barua, nikampa aisome. Nilifikiri kuichana kimya kimya, lakini roho ilinikataza. Ningekuwa nimeficha dhambi yangu, si kuitubu.

Aliisoma mara mbili. Hakulia, hakukasirika. Alisema: “Pasta, niliwaambia habari ya fre mara tatu.” Halafu akanyamaza. Halafu akasema: “Kama hii gari ingeingia ku maji pale kwenye magogo, mungenizika kama mwizi.”

Sikuwa na la kujibu. Nilimwomba musamaha. Alinipa, lakini si kwa haraka, na alikuwa na haki. Tuliporudi, niliita komite, nikaeleza yote mbele yake. Wazee walimwomba musamaha mmoja mmoja, mshahara wake ukatoka siku ile ile, na yule mzee wa hesabu aliandika katika kitabu, kwa mkono wake, sababu ya kweli ya esanse kupotea.

Bwana wetu alitukataza kuhukumu kwa kuangalia sura ya nje (Yohana 7:24). Na Mithali 18:13 inamhesabu kuwa mpumbavu yule anayejibu kabla ya kusikia. Nilihubiri maneno hayo miaka mingi. Sikujua kwamba yananihusu hata nikiwa na kitabu cha hesabu mkononi. Namba zetu zilikuwa za kweli: esanse ilikuwa inapotea. Lakini namba haikusema nani. Sisi ndio tuliongeza jina. Hata Livingstone, aliyeomba kuliko mimi, aliuona mto wa kweli na kuupa jina lisilo lake. Kuomba hakuondoi kazi ya kupima.

Ninyi mnaoishi kwenye machimbo, mnajua jinsi neno “mwizi” linavyoweza kuua mtu kwetu. Kipande cha dhahabu kikikosekana, watu wanakamata aliye karibu. Tafadhali, fungueni kapo kwanza.

Na neno moja la mwisho kwa vijana wa mashimo. Motere ikiungua vibaya, hata ikiungua vizuri, inatoa hewa moja yenye sumu, isiyo na rangi wala harufu. Msishushe motere ya kuvuta maji ndani ya shimo, wala kuiwasha ndani ya nyumba mnamolala. Ikae nje, mbali na mlango wa shimo, upande ambao upepo unapeleka moshi mbali nanyi. Hewa ile haina taa ya njano ya kuwaonya.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Je, kuna mtu katika nyumba yetu au kanisa letu tunayemshuku bila kumuuliza? Alitueleza nini ambacho hatukukisikiliza?

2. Ni taa gani ya njano tumeizoea: katika ndoa, katika afya ya watoto, katika feza za kanisa?

3. Baba au mama aliyemkosea mdogo wake au mtoto wake, je, anaweza kuomba musamaha mbele ya wengine? Kwa nini ni vigumu?

Mungu awabariki, na awalinde njiani.